Chumvi ya Kuoshea Kapeti

Katika Ruiri nzima hakuna mtu anayejua kuonja maji kunishinda. Nipe kikombe, nifumbe macho, nitakutajia kisima, shamba ni la nani, na kama pampu yake ni ya jua au ya dizeli. Mwezi uliopita nilionjeshwa mbele ya watu nikasema bila kusita kwamba hayo ni ya kisima cha Mithika, kumbe yalikuwa ya chupa, yamenunuliwa dukani. Mithika alifurahi sana. Mimi nilikumbuka ghafla kwamba nimeacha chungu motoni.

Lakini kwa maji ya kisima cha Gacheri huhitaji ulimi, macho yanatosha. Birika lake lina ngozi nyeupe ndani, ngumu kama ganda la yai. Chai ikitulia kidogo inafanya utando juu. Ukifulia maji hayo, sabuni haitoi povu, inakatika vipandevipande kama maziwa yaliyolala. Sisi tunayaita maji ya chumvi, waliosoma wanayaita maji magumu, na ng'ombe hawayaiti kitu, wanakunywa tu. Na kati ya kazi zote zilizoko duniani, Gacheri alichagua kuosha kapeti.

Alikuwa na mashine yake kwenye kibanda cha mabati nyuma ya jikoni. Ilichemsha maji, ikayapiga ndani ya kapeti, ikayafyonza tena yakiwa meusi kama kahawa. Mumewe, Kithinji, ndiye aliyebeba kapeti na kuzianika. Mama mkwe wake, Igoki, alikaa nyumba yake ndogo ng'ambo ya uwanja, na kazi yake ilikuwa kutazama kama wanaosha vizuri.

Jumanne asubuhi simu ililia. Alikuwa Madam Felicitas, meneja wa hoteli moja mjini Meru.

"Mama Mwendwa, uko wapi?"

"Niko njiani, madam," alisema Gacheri, kikombe mkononi na kanga kiunoni.

"Njiani kuja wapi, na mimi sijakuita bado?"

Gacheri aliweka kikombe chini.

Alifika hotelini kabla ya saa tano. Madam Felicitas alimngoja katika ukumbi, karibu na zile kapeti nne alizorudishiwa jana. Vijana wawili wa kuhudumu walikuwa wakikunja vitambaa vya meza, polepole, kama watu wanaotaka kusikia.

"Vua viatu."

"Viatu, madam?"

"Vua. Halafu tembea."

Gacheri alivua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu na kidole kikubwa kikachungulia. Alitembea juu ya kapeti ya kwanza, nayo ikalia chini ya miguu yake kama mabua ya mahindi yaliyokauka. Kijana mmoja alikohoa. Si kikohozi cha ugonjwa.

Madam Felicitas aliinama, akasugua kapeti kwa kiganja, akamwonyesha. Kiganja kilikuwa cheupe. "Hii ni nini? Unga? Kwani ulikuwa unanioshea ama unanipikia?"

"Ni maji, madam."

"Maji ya kwenu yanakauka yanakuwa unga?"

Gacheri alitazama kidole chake cha mguu, maana jibu lilikuwa ndiyo.

"Sikiliza mama. Jumamosi nina harusi hapa. Ijumaa saa sita mchana nataka kapeti zangu zikiwa laini na kavu. Zikiwa laini, tunaandikiana mkataba wa mwaka, hoteli yote, hata vyumba. Zikiwa hivi, kuna watu wa Nanyuki wananipigia kila wiki. Na wale wote niliowaambia wakupe kazi hapa mjini, nitawapigia pia, niwaambie nilikosea." Akatazama kile kidole. "Sasa vaa viatu."

*

Kapeti zilirudi Ruiri juu ya pikapu ya kukodi, na Gacheri akaenda moja kwa moja kwenye kibanda. Kabla ya kusalimia mtu alichukua chupa ya soda, akaijaza maji kutoka kwenye bomba la mashine, akatia sabuni kidogo, akatikisa. Maji yakiwa yamelainishwa, povu hupanda mpaka mdomoni na kukaa. Hapa hakukuwa na povu. Kulikuwa na vipande vyeupe vikielea.

Sasa nieleze jambo hili mara moja, halafu nisiulizwe tena. Mashine hii ilishaziba mwezi wa kwanza wa kazi. Fundi Salesio wa Makutano aliifungua akatoa magamba ya chokaa yaliyojaa karai. Ndipo alipowawekea tangi refu la kulainisha maji. Ndani yake kuna punje ndogo za rangi ya asali, kama mbegu za wimbi. Maji ya kisima yakipita humo, punje zinashika ule ugumu, na upande wa pili yanatoka maji mororo. Lakini punje huchoka. Zikichoka zinaoshwa kwa maji yenye chumvi nyingi, zinaachilia ule uchafu wa chokaa kwenye mtaro, zinaanza kazi upya. Kwa hiyo kando ya tangi kuna pipa, na ndani ya pipa kuna chumvi. Kila Jumamosi Kithinji huenda kwa wauzaji wa jumla karibu na soko la Gakoromone mjini Meru akaleta gunia la kilo ishirini na tano. Nusu humwagwa kwenye pipa siku hiyohiyo, nusu huwekwa stoo mpaka katikati ya wiki.

Gacheri alifunua pipa. Chumvi ikiwepo hulala chini kama mchanga. Alitia mkono mpaka kwenye kiwiko. Chini kulikuwa na utelezi tu. Akaenda stoo. Gunia lilikuwepo, limekunjwa vizuri, tupu.

"Baba Mwendwa!"

Kithinji alikuja akipangusa mikono. "Nini?"

"Chumvi iko wapi?"

"Kwa pipa. Nilimwaga Jumamosi, ulinisikia nikilia na mgongo."

"Nilisikia mgongo. Chumvi sikuiona."

"Na nusu iko stoo."

"Stoo kuna gunia. Njoo ulisalimie."

Kithinji aliingia stoo, akalichukua gunia, akalikung'uta, akachungulia ndani yake kama mtu anayetafuta shimo la panya. "Lilikuwa limejaa nusu," akasema.

"Basi panya wa hapa wana shinikizo la damu," alisema Gacheri.

*

Jirani yao Karwirwa alikuwa ameshasikia. Ukuta wa Karwirwa ni wa mabati na masikio yake ni mazuri kuliko yangu. Alikuja kuomba kiberiti, akakaa bila kuambiwa karibu.

"Mama Mwendwa, mimi si mtu wa maneno."

"Hapana," alisema Gacheri, akikaza macho kwenye chupa yake.

"Lakini niulize tu. Maji ya hapa ni ya chumvi tayari. Sasa mtu anakuambia maji ya chumvi yanatibiwa na chumvi, na wewe unakubali? Nani alikuambia?"

"Fundi."

"Fundi aliletwa na nani?"

Gacheri akaitikisa chupa tena. Aliletwa na Kithinji.

"Haya," alisema Karwirwa, akavuta kiti karibu. "Mwanaume ananunua gunia la chumvi kila wiki. Hapa kwenu kuna ng'ombe wangapi?"

"Wewe unajua hatuna hata mbuzi."

"Ndiyo nauliza. Huku kwetu, chumvi ya gunia ni ya ng'ombe. Kama ng'ombe hawako hapa, wako mahali. Na ng'ombe hawajikami." Alishusha sauti, ingawa kuku peke yao ndio waliokuwa wakisikiliza. "Jumamosi nilimwona Baba Mwendwa juu ya pikipiki, amekumbatia gunia kama mtoto. Hawakushika hii barabara yetu. Walikata kushoto, kuelekea Kiirua."

Igoki alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake akichambua maharagwe, mbali kidogo, lakini mkono wake ulisimama.

"Kiirua?" aliuliza mama mkwe.

"Kiirua, cucu. Macho yangu haya," Karwirwa alimwambia bibi huyo.

Igoki alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Akachukua haragwe moja, akalitazama, akalitupa. "Hata baba yake alianza hivyo," akasema. "Kidogo kidogo. Kwanza ilikuwa kamba."

"Kamba ya nini, Maitu?" Gacheri alimuuliza mama mkwe.

"Ya kufungia ng'ombe ambaye sikuwahi kumwona."

Jioni hiyo, kabla jua halijaisha, Gacheri alilichukua koti la mumewe kwenye msumari akalinusa kwapani, mifukoni, na kwenye mikunjo ya mikono. Alivipindua viatu vyake akachunguza nyayo kwa kijiti. Kithinji alimkuta akiwa na kiatu cha kulia puani.

"Unatafuta nini humo?"

"Samadi."

"Ya nani?"

"Wewe ndiye utaniambia jina lake."

*

Jumatano hawakuongea, ila kwa njia ya kuku. "Huyu kuku naye," alisema Gacheri, "akienda kutaga kwingine ataona." Kithinji naye akamwambia jogoo kwamba kuna nyumba ambazo mtu hubeba magunia kama punda na bado anapimwa viatu.

Kitu kilichomuuma zaidi Kithinji ni kwamba safari ya Kiirua ilikuwa ya kweli. Mwenye pikipiki alikuwa na mkoba wa dawa za kumpelekea shangazi yake, akaomba wapitie huko, robo saa tu. Kithinji alikuwa amekaa nje ya lango na gunia mapajani, akipigwa na vumbi. Lakini ukweli wa namna hiyo ukiuongea unasikika kama uongo uliotayarishwa, na aliposema "shangazi" Gacheri alicheka kicheko kimoja kifupi.

"Shangazi wa nani? Wa pikipiki?"

"Wewe pia uulizwe," alisema Kithinji, damu ikimpanda. "Ndugu yako wa Kibirichia ana ng'ombe watano. Alikuja hapa wiki iliyopita na mkokoteni. Aliondoka na nini?"

"Aliondoka na viazi! Ulimsaidia kupakia!"

"Nilipakia magunia. Sikuyafungua."

Igoki aliwaita wote wawili uwanjani kwake, akawakalisha kwenye viti vifupi, yeye akakaa kile kirefu. Alikuwa amevaa sweta lake la kwenda kanisani. Alizungumza kwa upole hata Gacheri akaona haya.

"Mwanangu. Mimi ni mama yako. Kama kuna mwanamke, sema. Kama kuna mtoto, mlete nimwone. Lakini usimwache mke wako akivua viatu mbele ya watu wa hoteli kwa sababu ya chumvi."

"Maitu, hata wewe?"

"Mimi nasema tu. Gacheri anafanya kazi, wewe unapeleka chumvi."

"Siipeleki mahali!"

"Basi apa."

Kithinji akasimama, akainua mkono, akaapa hapo uwanjani kwa jina la mtoto wake kwamba hana ng'ombe, hana mwanamke, na hana hata punje moja ya chumvi. Sauti ilimkatika mwishoni. Alipoondoka alijigonga kwenye kamba ya nguo na hakuna aliyecheka. Gacheri alibaki akitazama mikono yake. Alitaka kumwamini, na ile hamu ya kumwamini ndiyo iliyomtia shaka zaidi.

"Wanaapa vizuri," alisema Igoki, akirudia maharagwe yake. "Baba yake pia alikuwa na sauti."

*

Fundi Salesio, aliyeitwa kwa simu, alifika Alhamisi saa tatu asubuhi na mkoba wake wa spana. Kapeti nne zilikuwa zimetandazwa tayari. Upepo wa Ruiri ulikuwa mzuri na jua lilikuwa kali. Ikiwa kapeti zitaoshwa kabla ya saa sita, zitakuwa zimekauka kufikia kesho. Zikioshwa jioni, zitafika harusini zikinuka kama mbwa aliyenyeshewa.

Fundi alifungua kichwa cha tangi, akaingiza mkono, akatoa konzi ya punje. Hazikuwa na rangi ya asali tena. Zilikuwa zimegandamana kwa kitu cheupe, kama sima iliyomwagikiwa na maziwa.

"Ai! Hii ni nini mmenifanyia?" alisema Salesio. "Chumvi mnaweka?"

"Muulize yeye," alisema Gacheri.

"Muulize mke wangu," alisema Kithinji. "Mimi nina ng'ombe Kiirua, sina nafasi."

Salesio aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona heri apatane na pipa. Alichovya kidole ndani yake. Akalamba. Akatema mate mbali sana.

"Hii si chumvi."

"Ni nini?"

"Magadi. Ile ya kuivishia maharagwe." Alipangusa ulimi kwa mkono wa shati. "Mtu alifikiri, kama inalainisha maharagwe italainisha maji. Na si mjinga huyo mtu, kwa sufuria ingefanya. Lakini kwa tangi, chokaa yote inaganda hapohapo katikati ya punje. Ndiyo ile nyeupe. Ndiyo iliingia kwa kapeti za watu."

Gacheri na Kithinji walitazamana kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Halafu, bila kupatana, wote wawili wakageuza shingo kuelekea nyumba ndogo, ambako Igoki alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake.

"Mnaniangalia nini?" alisema Igoki. "Mimi? Mimi huko kwa mashine sijawahi kukanyaga. Hata mlango wake unafungukia upande gani sijui. Mimi ni mtu wa zamani, stima zinaniogopesha."

"Hakuna aliyesema kitu, Maitu," alisema Kithinji.

"Lakini mnaangalia."

"Inaweza kupona?" Gacheri alimuuliza fundi.

"Inaweza. Nina unga wa ndimu hapa, utakula ile chokaa. Lakini baada ya hapo lazima zilowe kwa chumvi, chumvi safi, kilo kumi na tano, na sasa hivi. Saa tano ikipita, mimi nafunga mkoba."

Kithinji hakungoja. Alikimbia madukani, yote sita, akarudi akihema na pakiti nane za nusu kilo, zote zilizokuwepo sokoni siku hiyo. Salesio alizipanga juu ya jiwe, akatikisa kichwa. Kwenda Gakoromone na kurudi kungekula saa mbili. Gacheri aliketi juu ya kapeti iliyokunjwa, akaiona simu ya Madam Felicitas mbele yake kabla haijalia, na wale watu wa Nanyuki wakishusha mashine zao kwenye ngazi za hoteli.

Kisha akainua kichwa. Alimtazama mama mkwe wake, pole pole, kama mtu anayepima kitambaa.

"Fundi," akasema, "hiyo magadi ni nyingi kiasi gani?"

"Nyingi. Imeharibu tangi zima."

"Kama debe moja?"

Salesio alikuwa na mke na mama mkwe pia, na hakuwa mzito wa kuelewa. "Debe? Ongeza, mama. Debe mbili."

"Debe mbili za magadi," alisema Gacheri kwa sauti ya kusikika hadi kwa Karwirwa. "Mtu amenunua debe mbili za magadi akamwaga chini. Huyo hajui bei ya kitu. Huyo hata jikoni kwake anapika hasara. Afadhali mwizi."

Igoki akashuka kizingiti na ungo wake.

"Labda alikuwa mlevi," alisema Kithinji, ambaye sasa naye alikuwa ameelewa.

"Debe mbili!" Igoki alilipuka. "Debe mbili za nani? Mimi ninaweza kumwaga debe mbili za magadi kama mwendawazimu? Vikombe vitatu! Na cha tatu hakikujaa!"

Upande wa pili wa mabati, kitu cha Karwirwa kilianguka.

Igoki aliusikia mwangwi wa maneno yake mwenyewe na akafunga mdomo, lakini hayakuwa na pa kurudi. Kithinji alimkaribia. Hakupaza sauti. "Maitu, jana uliniapisha. Kwa jina la mtoto."

"Nilikuwa natafuta amani."

"Chumvi iko wapi?"

"Chumvi ya kuliwa na watu!" alisema Igoki, machozi yakimlengalenga, na hayo hayakuwa ya uongo. "Mimi nikiwa msichana tulipimiwa chumvi kwa kijiko, mama yangu akaificha kwa kitambaa. Na nyinyi mnamwaga gunia zima, kila Jumamosi, mnapeleka kwa mtaro! Kwa kapeti! Kitu cha kukanyagwa!"

"Iko wapi, Maitu?" aliuliza Gacheri. Alisema taratibu, kwa sababu jua lilikuwa limeshavuka paa la kibanda.

"Iliisha. Niligawia watu wa kanisa."

"Magunia mangapi yaliisha?"

"Sikuhesabu. Watu ni wengi."

"Basi tufungulie chumba chako tuone pahali ilipokuwa imekaa."

Igoki aligeuka, akautazama mlango wa chumba chake cha ndani, na kufuli kubwa la shaba lililokuwa juu yake. "Ningefungua," akasema. "Ningefungua sasa hivi. Lakini ufunguo ulinipotea Jumapili kule kanisani. Nimetafuta mpaka macho yameniuma. Hata mimi mwenyewe nalala kwa kiti."

Aliinama kuuweka ungo chini, apate kuwaonyesha mikono mitupu. Kwenye shingo ya sweta lake kukachomoka kamba nyeusi ya kiatu, na mwisho wa kamba ufunguo wa shaba, ukaning'inia mbele ya watu watatu ukizunguka na kumetameta kwenye jua la saa nne na nusu. Kithinji alinyoosha kiganja. Igoki aliuangalia ule ufunguo kifuani mwake kama mtu anayeangalia mgeni aliyeingia bila kubisha.